Mwenye Kompyuta na Mwenye Siri

Kompyuta ya nyumbani ina namna yake ya kumkana mwenyewe. Dirisha linafunguka likidai idhini ya msimamizi ili programu iwekwe au saa irekebishwe, na chini yake kitufe cha kukubali kimefifia, hakibonyezeki, kwa sababu katika akaunti zote zilizobaki hakuna hata moja yenye cheo hicho. Huenda akaunti ya msimamizi ilifutwa kwa bahati mbaya. Huenda ilishushwa daraja na kijana wa nyumbani aliyekuwa akichezea mipangilio, au neno la siri liliwekwa na fundi aliyeiandaa kompyuta siku ya kununuliwa na sasa fundi mwenyewe hapatikani kwenye simu. Risiti ya dukani ipo. Majirani wanajua kompyuta ni ya nani, na anayelipa umeme unaoiwasha ndiye huyohuyo aliyeketi mbele yake akikataliwa. Mbele ya mashine yote hayo hayana uzito. Mafundi wana majibu yao kwa tatizo hili, na mengine ni mazuri sana. Ila chini ya majibu hayo kuna swali ambalo fundi hakuitwa kulijibu: ni nini hasa kinachomfanya mtu awe mwenye kitu? Ni kukishika, ni kujua siri yake, au ni kutambuliwa na watu kuwa ni chake? Siku za kawaida mambo haya matatu hutembea pamoja hata tukayadhani ni jambo moja. Haki za msimamizi zikipotea, yanaachana, na yakishaachana ndipo inapoonekana, kwa maoni yangu, kwamba la tatu ndilo msingi, na mawili ya kwanza ni dalili zake tu.

Nianze na kujua siri, maana hiyo ndiyo nadharia ambayo kompyuta yenyewe inaifuata. Maneno ya siri yaliingia katika kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwenye mfumo wa CTSS wa chuo cha MIT huko Marekani, pale watu wengi walipoanza kutumia mashine moja na kila mmoja akataka mafaili yake yasiguswe na mwenzake. Mfumo ule uliyahifadhi maneno yenyewe kama yalivyo, na mwaka 1966 hitilafu moja ilisababisha faili la maneno hayo limtokee kila aliyeingia. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson, watu wa Unix, waliandika juu ya njia ambayo mpaka leo ndiyo nguzo ya kazi hii: mashine isitunze neno la siri, itunze alama inayotokana na neno hilo kwa hesabu isiyorudi nyuma. Ukiandika neno lako, mashine inalipitisha kwenye hesabu ileile na kulinganisha alama mbili. Zikilingana, unaingia. Windows nayo ina faili lake la alama za namna hiyo, liitwalo SAM, ndani ya folda za mfumo. (Mwaka 2019 wapenzi wa historia ya Unix walifanikiwa kuivunja alama ya Thompson mwenyewe, iliyolala katika faili kuukuu kwa karibu miaka arobaini, neno lake la siri likakutwa ni hatua ya kufungulia mchezo wa sataranji. Hata mkubwa wa fani hii alichagua kitu ambacho moyo wake haungekisahau.)

Jambo linalotokana na ufundi huo ni zito. Mashine haiwezi kukurudishia neno lako la siri hata ikitaka, kwa sababu haikuwahi kukaa nalo. Kwa hiyo kila njia ya kuurudia usimamizi ni kutawazwa upya: mamlaka mengine, yaliyoko nje ya neno lililosahauliwa, yanaamua kwamba huyu aliyeketi hapa apewe kiti. Na kutawazwa huku kuna gharama inayofundisha. Katika Windows, neno la siri la akaunti likibadilishwa kwa nguvu kutoka nje, mafaili yaliyofungwa kwa usimbaji wa akaunti hiyo hayafunguki tena, na maneno ya siri yaliyohifadhiwa ndani yake yanapotea, kwa kuwa funguo zake zilitokana na neno la zamani. Cheo kinarudi, siri hazirudi. Mfumo wenyewe, bila kukusudia, umekiri kwamba kuwa msimamizi na kuwa yule aliyekuwa akijua ni mambo mawili.

Nadharia ya siri ina babu yake katika falsafa. John Locke, katika sura aliyoiongeza kwenye chapa ya pili ya kitabu chake kikuu mwaka 1694, alisema mtu hubaki yuleyule kadiri fahamu yake inavyoweza kurudi nyuma na kuyashika matendo yake ya zamani kuwa ni yake. Akatoa mfano wa roho ya mwana wa mfalme iliyoingia katika mwili wa fundi viatu, ikiwa na kumbukumbu zake zote. Kwa Locke, anayepaswa kujibu kwa matendo ya mwana wa mfalme ni yule mwenye kumbukumbu, hata kama mikono yake inanuka ngozi. Kompyuta ni mwanafunzi mkali wa Locke. Haitazami mwili, haitazami historia, inatazama kama kumbukumbu imefika. Lakini mwaka 1785 Thomas Reid, Mskoti, aliuonesha ufa wa nadharia hiyo kwa kisa cha jenerali. Utotoni alichapwa kwa kuiba matunda. Ujanani, akiwa afisa, aliteka bendera ya adui huku akiikumbuka ile fimbo. Uzeeni, akiwa jenerali, anaikumbuka bendera ila fimbo imemtoka kabisa. Kwa kipimo cha Locke jenerali ni yule afisa, afisa ni yule mtoto, na bado jenerali si yule mtoto. Hesabu haikubali. Aliyesahau neno la siri yuko katika hali ya jenerali: kila mtu anayemjua anaweza kuunganisha vipindi vya maisha yake, isipokuwa hakimu mmoja aliyeamua kupima kwa kumbukumbu pekee.

Hata hivyo anayeiangusha nadharia hiyo moja kwa moja ni mrithi zaidi kuliko msahaulifu. Baba amefariki na ameacha kompyuta. Kwa sheria ya Kiislamu, na kwa sheria nyingine nyingi, haki ya warithi katika mali haisubiri wajue lolote kuihusu. Mtoto mchanga hurithi shamba asilowahi kuliona, na mjane hupata thumni yake ya fedha ambazo hakuambiwa ziko wapi. Haki yao ni kamili na ujuzi wao ni sifuri. Anayeshikilia kwamba kompyuta ni ya anayejua siri yake hana budi aseme kwamba pumzi ya mwisho ya yule baba iliiacha mali hiyo bila mwenyewe, na sidhani yupo anayeamini hivyo kwa dhati. Makampuni yenyewe yamelikubali hili kwa kuchelewa. Google ilianza mwaka 2013 kumwezesha mtu ataje nani apewe data zake endapo akaunti itanyamaza kwa muda mrefu. Apple ikaleta mwishoni mwa 2021 utaratibu wa kumteua mtu wa kufungua akaunti baada ya mauti, naye hutakiwa alete cheti cha kifo. Walipokwama na kumbukumbu, waliita mtu wa pili na karatasi ya serikali.

Basi tuseme kompyuta ni ya anayeishika mkononi. Nadharia hii haikosi watetezi, na kwa miaka mingi ndiyo iliyotawala mlango wa nyuma wa kompyuta za nyumbani. Katika Windows XP akaunti iliyojengewa ndani ya mfumo, yenye jina Administrator, mara nyingi iliachwa bila neno la siri, na aliyewasha kompyuta kwa hali salama (Safe Mode) aliikuta ikimngoja. Mwaka 1997 Mnorwei Petter Nordahl-Hagen alitoa programu iliyoingia katika disketi moja na kuweza kufuta alama ndani ya lile faili la SAM bila kuuliza chochote. Baadaye ikaenea mbinu ya kuanzisha kompyuta kwa flashi na kubadilisha programu ya usaidizi iliyoko kwenye ukurasa wa kuingilia, ili mahali pake lifunguke dirisha la amri lenye uwezo wote. Fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue anayefanya kazi hiyo haulizi risiti. Anayebeba mashine ndiye mwenyewe. Na ikishindikana yote anaipiga Windows upya, kila aliyekuwamo anafutika, na anayeketi kwanza anakuwa msimamizi kama kwamba dunia imeanza leo.

Udhaifu wa nadharia hii unaonekana mara moja: mrithi na mwizi wanasimama safu moja. Microsoft walichapisha mwaka 2000 kanuni kumi za usalama wa kompyuta, na mojawapo inasema, kwa ufupi, kwamba mtu mbaya akiweza kuifikia kompyuta yako kwa mikono yake bila kizuizi, kompyuta hiyo si yako tena. Kama onyo, ni kweli tupu. Kama kauli juu ya umiliki, ni uongo, na sababu pekee ya onyo hilo kuuma ni kwamba ni uongo: kompyuta iliyoibwa bado ni ya aliyeibiwa, ndiyo maana anakwenda polisi na si kununua nyingine kimyakimya. Mwanafalsafa Kant alilieleza hili katika kitabu chake cha sheria cha mwaka 1797. Tufaha lililo mkononi mwangu nikinyang'anywa, mwili wangu umeguswa, na hapo hatujahitaji hata neno mali. Umiliki unaanza pale tufaha lilipo mezani, mimi nikiwa chumba kingine, na bado anayelichukua ananidhulumu. Mafakihi nao walizoea kuhukumu kwamba mkono ulioshika ni dalili ya umiliki: anayedai kitu kilicho kwa mwenzake ndiye anayebeba mzigo wa kuleta ushahidi, na aliyeshika anaapa tu. Lakini dalili hiyo huvunjwa na ushahidi. Mkono ni pa kuanzia kesi.

Tumebakiwa na la tatu, kutambuliwa na watu, na hapa dini zimefanya kazi ambayo wahandisi wa kompyuta wameirudia bila kujua. Swali la mwenye mali anayetaka mali yake mbele ya mtu asiyemjua ni swali la zamani la kitu kilichookotwa. Torati, katika sura ya 22 ya Kumbukumbu, inamwagiza aliyekuta mnyama au nguo ya nduguye asiyemjua aitunze nyumbani mpaka mwenyewe aje kuitafuta. Atajuaje kuwa ni mwenyewe? Marabi wa Mishna walijibu: ataje alama zake. Wakaongeza sharti linalonivutia kuliko yote, kwamba mtu ajulikanaye kuwa tapeli hapewi hata akizitaja alama. Na matapeli walipozidi, ikawa mdai anaambiwa alete kwanza mashahidi kwamba yeye si tapeli. Katika Hadithi iliyopokewa na Zayd bin Khalid al-Juhani, Mtume alimwelekeza aliyeuliza kuhusu kitu cha kuokota akijue vizuri kifuko chake na kamba yake, kisha akitangaze mwaka mzima. Hapo mafakihi wakagawanyika. Malik na Ahmad bin Hanbal waliona kwamba anayekuja na kueleza sawasawa kifuko na kamba lazima apewe. Abu Hanifa na Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo ya pwani yetu, walisema maelezo sahihi yanamruhusu muokotaji kutoa akiridhika, lakini hayamlazimishi. Kinacholazimisha ni ushahidi.

Ukiuangalia mgawanyiko huo kwa makini, ndio mjadala wa maswali ya usalama. Kifuko na kamba ni jina la shule ya msingi na jina la mnyama wa kwanza uliyemfuga. Windows ilianza mwaka 2018 kumtaka mwenye akaunti ya ndani ya kompyuta aweke majibu ya maswali matatu ya aina hiyo, ili akisahau neno la siri ajieleze na kupita. Hiyo ni rai ya Malik. Kilichoitia doa kilikuwa kimekwisha kuonekana mwaka 2008, pale barua pepe ya Sarah Palin, mgombea mwenza wa urais nchini Marekani, ilipoingiliwa na mtu aliyejibu maswali kwa habari zilizokuwa hadharani: tarehe ya kuzaliwa, eneo la posta, mahali alipokutana na mumewe. Mtu mashuhuri kifuko chake kimeonwa na wote, na siku hizi kila mwenye ukurasa wa Facebook ni mashuhuri kiasi hicho. Marabi walikuwa wametangulia kuona kwamba kujua alama hakutoshi kama hatujui kitu kuhusu anayezitaja, na tahadhari ya Shafii haikuwa ugumu wa mtu wa vitabu. Maelezo ni ujuzi, na ujuzi huibika. Ushahidi ni uhusiano kati ya watu, nao huibika kwa taabu zaidi.

Nikisema hivyo simaanishi kwamba kompyuta ya sebuleni iitiwe mahakama. Namaanisha kwamba vifaa vya kuokoa usimamizi vinavyofanya kazi vizuri ni vile ambavyo tayari vina umbo la ushahidi. Akaunti ya pili yenye haki za msimamizi, ya mke au mume au dada mkubwa, ni shahidi: wa kwanza akisahau, wa pili anaingia, anamwekea neno jipya na mambo yanaendelea. Ufunguo wa kufungulia diski ya BitLocker, wenye tarakimu 48, ukichapishwa na kuwekwa kwa mtu asiyeishi nyumba hiyo, ni shahidi vilevile. Laini ya simu ikipotea Tanzania, mwenyewe huweka kidole kwenye mashine ya wakala na alama yake hulinganishwa na kumbukumbu za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Dola imesimama ushahidi, na PIN haikuulizwa. Hata Windows ina shahidi wake wa mwisho. Tangu toleo la Vista ile akaunti ya Administrator iliyojengewa ndani huwa imezimwa; lakini kwenye kompyuta isiyo chini ya mtandao wa ofisi, ikiwa wasimamizi wengine wote wamefutwa, wamezimwa au wameshushwa, hali salama huiruhusu iamke. Waliousanifu walijua kwamba nyumba inaweza kubaki bila mkubwa, wakaacha mlango kwa siku hiyo. Kwa watunza hesabu wetu wa zamani hili halikuwa jambo geni: mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hufaa kwa kuwa mtu mwingine anaweza kulisoma.

Kuna pingamizi litakalotolewa na yeyote aliyewahi kukabidhiwa kompyuta ya wengine: kila shahidi ni tundu. Anayeweza kunirudishia usimamizi anaweza pia kunipokonya, kusoma barua zangu, kunichunguza. Mke mwenye akaunti ya pili, kaka mwenye karatasi ya tarakimu, kampuni inayotunza ufunguo wangu kwenye seva zake na inayoweza kuamriwa na mahakama kuutoa, wote wameongezewa uwezo juu yangu kwa jina la kunisaidia. Pingamizi hili ni la kweli, na ndani ya ndoa zenye udhalimu ni la hatari. Zipo nyumba ambamo msimamizi wa kompyuta ndiye mlinzi wa gereza. Jibu langu ni kwamba linabishana na namna fulani ya ushahidi tu. Mwaka 1979, mwaka uleule wa Morris na Thompson, mwanahisabati Adi Shamir alichapisha njia ya kuigawa siri vipande kwa watu kadhaa, hivi kwamba idadi iliyopangwa ya vipande inaifufua na pungufu ya hapo havitoi hata chembe yake. Alianza na fumbo la wanasayansi 11 wanaotaka kabati lifunguke wakiwapo angalau 6 tu. Kwa kufuli za kawaida ingehitajika kufuli 462, na kila mmoja abebe funguo 252. Hisabati yake ikaiondoa kero hiyo. Katika sheria ya Kiislamu, haja ya mashahidi wawili katika mikataba ya madeni, na wanne katika shauri la zinaa, inatoka kwenye busara ya namna hiyo: uzito wa jambo unaongeza idadi ya watu wanaotakiwa kukubaliana kabla mlango haujafunguka. Nyumbani haihitajiki hisabati ya juu. Kuutenga ufunguo na mashine, aliye na kimoja asiwe na kingine, kunatosha kumfanya shahidi asiwe jasusi.

Na zaidi ya hapo, pingamizi hilo limejengwa juu ya wazo kwamba msimamizi ni mfalme, kwamba kumshirikisha mtu ni kugawa ufalme. Sivyo ilivyo hata kiufundi. Tangu Vista, mafaili mengi ya Windows yenyewe ni milki ya huduma ya mfumo iitwayo TrustedInstaller, na msimamizi akitaka kuyagusa anakataliwa mpaka ajipe umiliki kwanza. Apple mwaka 2015 iliweka ulinzi unaomzuia hata mtumiaji mkuu kubadilisha sehemu za ndani za mfumo. Leseni nayo husema wazi kwamba programu umepewa ruhusa ya kuitumia, hukuuziwa. Cheo cha msimamizi kimekuwa, pole pole, cha mshika ufunguo. Historia ya Uislamu ina mshika ufunguo mashuhuri. Makka ilipofunguliwa mwaka 630, ufunguo wa Kaaba ulikuwa kwa Uthman bin Talha. Mtume aliuchukua, akaingia, na ingawa watu wa ukoo wake mwenyewe waliutamani, akaurudisha kwa Uthman na kizazi chake. Wafasiri wengi wanaiunganisha na tukio hilo aya ya 58 ya Sura An-Nisaa, inayoamrisha amana zirudishwe kwa wanaostahiki. Hakuna aliyedhani kwamba Uthman alimiliki Nyumba ile. Alikuwa na ufunguo kwa kuwa watu wote walijua, na walikubali, kwamba ufunguo ukae kwake. Kutambuliwa huko kuliulinda ufunguo kuliko chuma chake.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na sina jibu la kulimaliza. Linasema: haya yote yalikuwa sawa zamani, sasa hisabati imeamua. Tangu toleo la 24H2 la Windows 11, la mwaka 2024, kompyuta nyingi mpya huzifunga diski zake zenyewe mara mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, wengi wao wakiwa hawana habari. Flashi ya fundi haina tena la kufanya. Diski iliyosimbwa bila ufunguo haijali mashahidi elfu. Unaweza kuleta risiti, cheti cha kifo, hukumu ya mahakama na wazee wa mtaa, tarakimu hazitokei. Je, hapo siri haikugeuka kuwa ndiyo umiliki? Nakubali kwamba imegeuka kuwa ndiyo uwezo. Lakini uwezo na haki viliwahi kuachana mara nyingi kabla ya kompyuta: pete iliyozama kwenye kina cha bahari ni ya mwenyewe, na haifikiki. Hisabati ya usimbaji imeongeza vilindi duniani, haijabadilisha kitu ni cha nani. Wala hainyamazishi swali la lawama. Fiqhi ilitofautisha tangu kale: kusahau kunaondoa dhambi, hakuondoi hasara. Aliyesahau Swala hana kosa ila atailipa. Aliyeharibu mali ya mtu kwa kusahau hana dhambi ila ana dhamana. Kwa kipimo hicho aliyesahau ufunguo wa diski yake hakutenda uovu, na wanaomcheka wanakosea. Lakini hakuna anayewiwa kumfungulia, na kampuni iliyosanifu kufuli isiyovunjika haikumdhulumu, mradi ilimweleza wazi, kabla ya kuifunga, kwamba imefungwa na ufunguo umewekwa wapi. Sharti hilo la mwisho ndilo linalovunjwa kila siku. Kufuli iliyofungwa kimya, ufunguo ukatumwa kwenye akaunti ambayo mtu aliifungua siku moja dukani na kuisahau jioni yake, ni shahidi aliyeitwa bila mwenye kesi kuambiwa jina lake.

Lipo jambo moja zaidi la kusemwa upande wa siri, na linahusu maiti. Pengine yule baba hakutaka kompyuta yake ifunguliwe. Dini zinakataza kupeleleza, na siri za marehemu si bidhaa ya kugawana kama vyungu. Huenda neno la siri alilokwenda nalo kaburini ndilo lilikuwa wasia wake. Ningeukubali utetezi huu kama angeuandika. Kanuni inayonasibishwa na Imamu Shafii inasema aliyenyamaza hasingiziwi kauli, nayo inakata pande zote mbili: ukimya wake hatuwezi kuusoma kuwa ruhusa, na hatuwezi kuusoma kuwa katazo. Wengi wanaokufa bila kumwachia mtu ufunguo hawakuchagua usiri. Hawakuchagua lolote, waliahirisha. Nchini Kenya, ambako Katiba ya 2010 imeziachia mahakama za kadhi mashauri ya mirathi baina ya Waislamu, kompyuta ya namna hiyo ikifika katika orodha ya mali haileti mjadala mkubwa. Inathaminiwa kwa bei ya soko ya kompyuta iliyotumika. Mjane anapata thumni ya bei hiyo, watoto wanagawana iliyobaki, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja, na atakayeichukua anaipeleka kwa fundi ipigwe Windows upya. Anaondoka dukani akiwa msimamizi halali kwa kila kipimo, cha sheria na cha mashine. Picha, barua na hesabu za biashara zilizokuwamo hazikuingia katika orodha, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema mbele ya kadhi kwamba zilikuwapo.